MFAHAMU FUNDI WA TOVUTI NA PICHA ZA TARAKILISHI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msomaji mpendwa, ukipita katikati ya mji wa Embu, au ukishuka matatu pale Makutano, Meru, utaona vibao vingi vya saiba. Kimoja kinasema wanatoa nakala, kingine kadi za harusi, kingine programu za mazishi, kingine tovuti. Wengi wetu tukiona vibao hivyo tunadhani kazi ya humo ndani ni kubonyeza tu. Hata mimi nilikuwa na dhana hiyo, mpaka mwaka jana nyanya yangu mzaa mama alipoaga dunia, nami nikatumwa mjini kutafuta mtu wa kutengeneza picha yake. Niliyoyaona na kuyauliza siku zile ndiyo nimeyaandika hapa.

Picha moja tu

Nyanya hakupenda kupigwa picha. Tulipotafuta nyumba nzima tulipata moja tu, ndogo, sentimita 3 kwa 4, nyeusi na nyeupe, ikiwa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa imekunjwa na mkunjo ulipita katikati ya uso. Mjomba aliipiga kwa simu akamtumia fundi kwa WhatsApp. Fundi huyo ni kaka mmoja wa hapa Embu anayefanya kazi ya kujitegemea, yaani hajaajiriwa na mtu. Ana chumba kimoja ghorofani, tarakilishi mbili na skana. Ameniomba nisimtaje jina. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hiyo haitoshi. Leteni picha yenyewe." Basi mimi na mama tukashika njia.

Nilimuuliza, "Kaka, si picha ni ile ile?" Akacheka, akanivutia kiti. "Kaa hapa mdogo wangu, nikuonyeshe."

Picha ndani ya tarakilishi ni nini?

Aliikuza ile picha ya simu kwenye kiwambo mpaka sura ya nyanya ikapotea, tukabaki tunaona vijiraba vya kijivu vimepangwa kama vigae vya sakafu. Kila kiraba kinaitwa pikseli. Tarakilishi haijui uso wala pua, inajua nambari ya kila kiraba tu. Katika picha ya rangi, kila pikseli huwa na nambari tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Kila nambari huanzia 0 hadi 255. Ukizidisha 256 kwa 256, kisha kwa 256 tena, unapata rangi 16,777,216. Hesabu zile tunazozilalamikia darasani kumbe ndizo zinazochora!

Jambo hili lina historia. Mwaka wa 1957 huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza picha ya mtoto wake mchanga katika tarakilishi. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176 tu, nyeusi na nyeupe. Ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ndio waliobuni programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990. Kuna nyingine iitwayo GIMP, iliyotokea mwaka wa 1996, ambayo ni ya bure. Kaka huyu alijifunzia GIMP kwa sababu hakuwa na pesa za kununua ile nyingine.

Sasa sikiliza hesabu ya picha ya nyanya. Ili picha ichapishwe vizuri, inahitaji vitone kama 300 katika kila inchi moja ya karatasi. Sisi tulitaka picha ya upana wa sentimita 12 kwenye jalada la programu ya mazishi. Ile ya WhatsApp ilifika ikiwa na pikseli kama 400 kwa upana, manake WhatsApp huzibana picha ili zisafiri haraka. Ukigawa, unapata vitone 85 hivi kwa inchi. Uso ungetokea kama umefunikwa na ukungu. Lakini picha yenyewe ikipitishwa kwenye skana kwa vitone 1200 kwa inchi, unaweza kuikuza mara nne na bado ukabaki na 300. Sentimita 3 mara nne ni 12. Ndiyo sababu akasema tulete picha yenyewe.

Kufuta mkunjo si kufuta mtu

Aliuponya ule mkunjo polepole. Alichukua ngozi ya karibu na mkunjo, akaipandikiza juu yake, kipande baada ya kipande, kama mtu anayetia kiraka nguo ya shule. Pale jichoni alichukua kama saa nzima. Hakugusa nakala ya kwanza hata mara moja. Kila badiliko aliliweka katika tabaka lake, ili akikosea aliondoe bila kuharibu ya chini.

Kisha mambo yakawa magumu. Mjomba alipofika alitoa agizo lake. Nyanya, kama akina mama wengi wa rika lake huku Embu na Meru, alikuwa ametogwa masikio akiwa msichana, na ndewe zake zilining'inia. Mjomba akasema, "Hayo masikio yafunge. Mama alikuwa ameokoka, watu wa kanisa wataonaje? Na umng'arishe uso kidogo." Mama akamkatiza papo hapo: "Hayo ndiyo masikio niliyoyashika nikibebwa mgongoni. Ukiyafunga, huyo atakuwa mama wa nani?"

Chumba kikanyamaza kimya. Mimi nikatazama sakafu. Kaka fundi ndiye aliyesema, kwa heshima: "Wazee wangu, mkunjo ni kasoro ya karatasi, huo ninaufuta bila kuuliza. Lakini masikio ni ya mwenyewe. Hayo siyagusi mpaka nyinyi nyote mkubaliane." Akatengeneza nakala mbili ndogo, moja ya masikio yalivyo na nyingine yamefungwa, akazichapisha na kuziweka mezani. Mjomba aliitazama ile ya pili muda mrefu. Mwishowe akasema tuchukue ya kwanza.

Siku ya mazishi, wazee waliokuja kutoka mbali walikuwa wakiushika ule uso kwenye jalada kwa kidole na kusema, "Ndiye huyu." Mama alimlipa kaka shilingi 500 za ile picha. Tangu siku hiyo sijasema tena kwamba ni kazi ya kubonyeza.

Kujenga tovuti

Fauka ya picha, kaka huyu husanifu tovuti. Nilirudi kwake likizoni nikamuuliza namna inavyofanywa.

Mtandao wa wavuti ulipendekezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka wa 1989, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi. Mwaka wa 1993 kituo hicho kilitangaza kuwa mtu yeyote anaweza kuutumia bila malipo. Hapa Kenya, mawasiliano ya mtandao yalipitia setilaiti na yalikuwa ghali, mpaka mwaka wa 2009 nyaya za kupita chini ya bahari zilipofika Mombasa. Tangu hapo fundi wa Embu ameweza kumfanyia kazi mtu wa London bila kupanda hata matatu.

Tovuti hujengwa mfano wa nyumba. Kwanza kuna lugha ya HTML, ambayo ni nguzo na fito: hiki ni kichwa, hii ni aya, hapa pana picha. Halafu kuna CSS, ambayo ni lipu na rangi: maandishi yawe makubwa kiasi gani, yakae wapi. Ya tatu ni JavaScript, ambayo ni milango na swichi: ukibonyeza hapa, kitu fulani kinatokea. Nyumba ikishasimama inahitaji kiwanja, na kiwanja ni seva, yaani tarakilishi isiyozimwa usiku na mchana. Mwisho inahitaji anwani. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC tangu mwaka wa 2002. Ya biashara huishia .co.ke, na ya shule kama yetu huishia .sc.ke. Anwani haununui mara moja ukaisahau. Unailipia kila kipindi, kwa kawaida kila mwaka.

Hapo kwenye anwani ndipo watu huumia. Kuna hoteli ndogo upande wa Meru, inayopokea wageni wanaokwenda kuona wanyama katika mbuga ya Meru. Mtu aliyewajengea tovuti ya kwanza aliiandikisha anwani kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama bila kuaga. Muda wa malipo ulipofika, ilani zilimwendea yeye. Anwani ikafungwa, na hoteli ilikuwa imeshaipaka kwenye kibao cha barabarani! Kaka alipoitwa, ilibidi aanze upya kwa anwani nyingine, na kibao kikapakwa tena. Tangu wakati huo sharti lake la kwanza ni hili: anwani iandikishwe kwa jina la mwenye mali, si la fundi.

Jambo la pili alilonionyesha ni uzito wa picha. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ukiiweka hivyo kwenye tovuti, mkulima wa Runyenjes au Maua anayenunua bando kidogo kidogo atasubiri mpaka achoke, na bando lake litaliwa bure. Kaka huipunguza hadi 1200 kwa 900. Hizo ni pikseli milioni 1 na ushei tu, kama sehemu moja ya kumi na moja, na kwenye simu jicho halioni tofauti.

Shida za fundi wa kujitegemea

Usidhani ni raha mustarehe. Umeme hupotea kazi ikiwa katikati. Rangi nazo hudanganya, kwa kuwa kiwambo huchanganya mwanga wa rangi tatu ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne. Hivyo posta iliyong'aa kwenye kiwambo hutoka imefifia, na mteja hulaumu fundi.

Lakini shida kubwa ni malipo. Wako wateja ambao wakishapokea kazi husema "nitakutumia kwa M-Pesa jioni," na jioni hiyo haifiki. Siku za kampeni ndizo mbaya zaidi, manake mgombea akishindwa hashiki simu. Ndiyo maana kaka hutaka nusu ya malipo kabla hajaanza, na makubaliano yaandikwe hata kama ni kwa ndugu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria nazo zipo

Kuchukua picha ya mtu mwingine mtandaoni na kuitia kwenye posta yako bila idhini ni kukiuka haki ya mwenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Aidha, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Picha yako ni data yako. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja hapa nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tuliopewa kazi ya kukusanya picha za gazeti hili tulijifunza kuuliza kwanza.

Siku hizi akili unde inaweza kuchora uso mzima kwa dakika moja, hata kumpa marehemu tabasamu ambalo hakuwahi kutabasamu. Nilimuuliza kaka kama haogopi kunyimwa kazi. Alisema mashine ingeyafunga masikio ya nyanya bila kumuuliza mtu. Yeye aliuliza.

Mwanafunzi mwenzangu, ukiwa na moyo wa kazi hii anza na ulicho nacho. Huhitaji tarakilishi ya bei ghali ili kujifunza HTML, maana hata programu ya kawaida ya kuandikia maneno matupu inatosha. Shika hesabu, shika lugha, na ujifunze kusikiliza watu. Na ukirudi nyumbani leo, tafuta picha za wazee wako uzitoe kwenye mikunjo. Sisi tulibakiwa na moja tu.