Mchungaji Ndiye Hujua Kwanza
Wanachama wenzangu, nani hugundua kwanza kuwa homa ya Bonde la Ufa imeingia? Si daktari, ni mchungaji! Ugonjwa huu ulitambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Mayai ya mbu yenye virusi husubiri ardhini hata miaka. Mafuriko yakija mbu huanguliwa, kondoo huharibu mimba kwa wingi, halafu mchinjaji naye anaugua. Mlipuko wa 2006 hadi 2007, ulioanzia Garissa, uliua Wakenya zaidi ya 150.

Kufikia 2012 wizara za afya na mifugo zilikuwa na kitengo kimoja. Vizuri, lakini mimi nasema mchungaji naye asikizwe. Tena mvua kubwa ikitabiriwa, mifugo ichanjwe mapema, maana mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipitishwa zizi zima hueneza virusi vilevile.