Daktari Aliyekikagua Kipimo cha Melanoma

Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne walipandikiza seli shina moja tu ndani ya panya, ikakua ikawa tezi nzima ya maziwa. Mmoja wao alikuwa Mark Shackleton, daktari wa saratani aliyekuwa katika maabara ya Jane Visvader na Geoffrey Lindeman. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kufanya kazi na Sean Morrison, na huko akaigeukia melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi mara nyingi hujificha kwenye nyayo au chini ya kucha.

Wakati huo matumaini ya kuishinda saratani kwa kulenga seli chache yalikuwa makubwa. Tangu John Dick na wenzake wa Toronto walipoonyesha, mwaka 1994, kwamba saratani ya damu yaweza kuanzishwa na seli chache, wengi waliuona uvimbe kama kichuguu: muue malkia, mchwa watakwisha wenyewe. Kwa melanoma, seli yenye uwezo huo ilihesabiwa kuwa moja kati ya laki kadhaa.

Shackleton na mwenzake wa Michigan, Elsa Quintana, walianza kwa kukitilia shaka kipimo chenyewe: kupandikiza seli za uvimbe ndani ya panya na kuona ngapi zinaota. Panya waliozoeleka walikuwa na mabaki ya kinga ya mwili, ya kutosha kuziua seli za binadamu kabla hazijaota. Wakatumia panya waliopungukiwa kinga zaidi, wakazichanganya seli na rojo ya protini ili zipate pa kujishikiza, wakasubiri kwa miezi. Kisha wakapandikiza seli mojamoja. Asilimia 27 ziliota uvimbe.

Matokeo hayo, yaliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2008, yaliwakatisha tamaa wengi, nami nayahesabu kuwa utumishi mkubwa kwa wagonjwa. Tiba inayolenga seli chache huku robo nzima ni hatari ingewapotezea muda wasiokuwa nao.

Wenzao wa Boston walishatangaza protini iitwayo ABCB5 kuwa alama ya seli zinazoanzisha melanoma, na ubishi ukawa mkali. Mwaka 2010 kundi la Michigan lilijaribu alama 22, ABCB5 ikiwemo. Hakuna iliyotenganisha seli hatari na nyingine. Alama nyingi zilionekana kuja na kutoweka.

Shackleton alirudi Melbourne, kwenye maabara na kwa wagonjwa. Miongoni mwa dawa zilizobadilisha matibabu ya melanoma tangu 2011 zimo zinazoichochea kinga ya mgonjwa mwenyewe; ndani ya panya, mabaki tu ya kinga yalitosha kuwapotosha watafiti.