Mzee Aliyebaki Peke Yake

Amri ya nne ya Mungu yatuamuru kuwaheshimu wazazi. Je, kumpelekea mzee sahani ya bukari kwatosha? La, hakutoshi. Miaka ya 2003 na 2004 watu wapata 10,000, waliotumika miaka mingi, waliondoka katika kazi ya Gécamines. Wana wengi wakatawanyika kutafuta kobalti. Hapo Kolwezi, mzee aliyezoea kushuka mgodini Kamoto pamoja na wenzake, leo hana wa kumwita kwa jina. Basi ingia, keti, umwulize habari za mgodi. Mwombe aongoze rozari. Asipoweza kutembea, mwarifu padri amletee Komunyo. Nawe ukimsikia usiku akisema peke yake, usimwite mchawi. Hana wa kusema naye.