KUCHA ZA SALUNI: TUCHAGUE ZIPI?

Siku hizi kucha za saluni si mambo ya mjini kati peke yake. Ukishuka kwenye daladala Kinondoni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, utaona vibao vyenye picha za mikono na kucha ndefu za rangi. Wako pia vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na vikapu vya rangi. Harusi ikikaribia, akina dada wa Bunju, wa Chamazi na wa vijiji vya mbali zaidi huenda huko kutengenezwa kucha. Halafu wanarudi nyumbani kulima, kupika na kulea watoto.

Kujipamba si kosa. Bibi zetu wa pwani walipaka hina tangu zamani. Lakini kucha za saluni si za aina moja. Nyingine unaweza kuzitoa mwenyewe kwa dakika chache. Nyingine hushika ukucha wako kwa wiki kadhaa, na zikibanduliwa kwa nguvu huondoka na ukucha. Leo tujifunze tofauti zake, ili tuchague kwa kujua, si kwa kutazama picha ya ukutani.

UKUCHA UNA KAZI GANI?

Ukucha hukinga ncha ya kidole. Ukucha wa mkono hukua polepole, kama milimita 3 kwa mwezi. Ukiharibika wote, huchukua miezi kama 6 kuota upya.

Tazama shina la ukucha wako. Utaona ngozi nyembamba iliyoshikana na ukucha. Ngozi hiyo ni kama mlango uliofungwa. Huzuia maji na vijidudu visiingie ndani ya kidole. Fundi akiikata, mlango unabaki wazi. Mwambie asiikate.

Ukucha pia huwasaidia watumishi wa afya. Mtu anayekosa hewa, kucha zake huweza kugeuka rangi ya buluu. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kucha zake hupauka. Tena kuna kifaa cha kupima hewa katika damu, ambacho huvalishwa kidoleni. Rangi nzito na kucha za bandia zinaweza kukifanya kitoe jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo mama anayekaribia kujifungua, na mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, ni vizuri wafike na kucha zisizo na kitu.

AINA TANO ZA KUPAMBA KUCHA

1. Hina. Hina halisi ni majani yaliyotwangwa. Rangi yake ni ya machungwa au nyekundu ya kahawia. Haidhuru ukucha wa mtu mzima. Lakini jihadhari na hina nyeusi, au piko. Mara nyingi hiyo ina dawa ya kutia nywele weusi. Dawa hiyo huweza kuunguza ngozi na kuleta malengelenge. Tena mtoto mchanga asipakwe hina yoyote. Wapo watoto waliozaliwa na kasoro ya damu, na hina huweza kuzivunja chembe zao za damu.

2. Rangi ya kawaida ya chupa. Hukauka yenyewe kwa upepo. Hutoka kwa pamba na dawa ya kutolea rangi. Hii ina madhara kidogo kuliko zote za saluni. Ubaya wake ni kwamba hubanduka upesi ukifua au ukiosha vyombo. Pia ikikaa muda mrefu huacha umanjano kwenye ukucha.

3. Kucha za plastiki za kubandika kwa gundi. Zinakuja tayari zimekatwa. Hukaa siku chache mpaka wiki moja hivi. Zinafaa kwa sherehe ya siku moja. Tumia gundi iliyotengenezwa kwa kucha tu. Usikubali supaglu ya fundi viatu. Gundi ya namna hii ikimwagika kwenye nguo ya pamba hupata moto mkali, na huweza kuunguza ngozi iliyo chini ya nguo.

4. Jeli. Hii hupakwa kama rangi, kisha mkono huwekwa ndani ya taa ndogo ili ikauke. Hukaa kama wiki mbili. Haivunjiki upesi. Lakini jeli mbichi haitakiwi kugusa ngozi hata kidogo. Fundi akiipaka ovyo mpaka kwenye nyama ya kidole, au taa yake ikiwa dhaifu, ngozi huweza kuikataa dawa hiyo. Fahamu pia kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiungo kimoja cha jeli, kiitwacho TPO, kuanzia Septemba 1, 2025. Kwa hiyo uliza chupa, usome kilichoandikwa.

5. Kucha za unga, au akriliki. Fundi huchanganya unga na maji ya dawa yenye harufu kali, kisha hujenga ukucha mrefu. Kabla ya hapo huukwangua ukucha wako kwa tupa au kwa mashine. Hizi ndizo ngumu kuliko zote. Ukucha wa bandia ukijigonga huenda usivunjike. Badala yake huweza kuung'oa ukucha wako wa asili. Kila baada ya wiki mbili au tatu inabidi kurudi kwa fundi kujaza nafasi iliyoota shinani.

Katika maji hayo ya dawa, mabaya zaidi ni yale yaitwayo MMA. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, serikali ilichukua hatua za kisheria dhidi ya maji ya kucha yenye MMA tupu, kwa sababu watu waliumia kucha na ngozi. Dalili zake ni hizi: harufu kali mno, na ukucha mgumu ambao hata ukilowekwa kwenye dawa ya kutolea haulainiki.

NGOZI IKIKATAA DAWA

Mtu huweza kutengeneza kucha za jeli au za unga mara nyingi bila shida. Halafu siku moja vidole vinaanza kuwasha. Ngozi inakuwa nyekundu, inapasuka, na ukucha unainuka. Wengine huvimba kope au shingo, kwa sababu hujigusa huko kwa vidole.

Hali hii ikishaanza, kwa kawaida haiishi maisha yote. Kila ukipaka tena itarudi. Na si kucha tu. Dawa za jamaa hiyo hutumika kuziba meno na kushikiza mifupa ya bandia. Kwa hiyo msichana anayeharibikiwa leo kwa sababu ya kucha huweza kupata taabu baadaye akihitaji matibabu ya jino. Ukiona muwasho, acha mara moja. Usipake juu yake ili kuficha.

Hata fundi naye yumo hatarini, maana hushika dawa hizo kutwa nzima. Naye anatafuta riziki. Afungue madirisha, avae glavu, afunike vikopo vya dawa, na asiweke moto karibu. Dawa ya kutolea kucha huwaka upesi kama petroli.

VIFAA VYA KUCHANGIA

Hii ni hatari ya aina zote, hata ya rangi ya kawaida. Mkasi, tupa na wembe wa fundi hupita kwa watu wengi kwa siku moja. Kidole kikikwaruzwa, damu kidogo hubaki kwenye chuma. Huenda huioni kwa macho. Lakini kijidudu cha homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Anayefuata akikatwa na chuma kile kile, anaweza kuambukizwa.

Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo ya homa hiyo katika chanjo zao za kawaida mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata utotoni.

Dawa yake ni rahisi. Nunua mkasi wako na tupa yako, uende navyo. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya ugonjwa. Kama vifaa ni vya fundi, vya chuma vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Kukifuta chuma kwa kitambaa hakuui vijidudu. Wembe utumike kwa mtu mmoja, kisha utupwe.

KUCHA NDEFU NA MTOTO MCHANGA

Chini ya ukucha mrefu hukaa uchafu, hata baada ya kunawa. Mama mwenye kucha ndefu hukanda unga, hutawaza mtoto, naye mwenyewe hutawaza chooni. Kinyesi kidogo kikibaki chini ya ukucha, kitafika kwenye chakula. Hapo ndipo kuhara kunapoanza.

Katika hospitali moja ya Oklahoma City, Marekani, mwaka 1997 na 1998, watoto wachanga waliolazwa waliambukizwa kijidudu hatari. Watoto 16 miongoni mwao walifariki. Wachunguzi walihusisha mlipuko huo na wauguzi wawili: mmoja alikuwa na kucha ndefu za asili, mwingine alikuwa na kucha za bandia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtumishi anayehudumia wagonjwa asivae kucha za bandia. Hapa kwetu, mwezi Septemba 2018, Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge, aliwakataza wabunge wanawake kuingia Bungeni na kucha na kope za bandia, akitaja sababu za afya.

Kama unanyonyesha, unauguza mgonjwa au unapikia watu, kata kucha fupi. Ukitaka urembo, paka rangi ya kawaida au hina halisi.

KABLA YA KUKAA KITINI, ULIZA

Kwanza: Mikono yangu inafanya kazi gani kesho? Anayeshika jembe, mchi au jiko la mkaa asiweke kucha ndefu. Plastiki hushika moto.

Pili: Kitu hiki kinashikizwa kwa dawa gani? Fundi asiyetaka kuonyesha chupa, muage.

Tatu: Kitatolewaje, na nani? Sherehe ikiisha na wewe ukarudi kijijini, hakuna fundi. Jeli na kucha za unga hulowekwa kwa asetoni. Sehemu ya juu hukwanguliwa kidogo, hufunikwa pamba yenye asetoni kwa dakika 10 hadi 15 au zaidi, kisha husukumwa taratibu. Usizing'oe kwa meno, wala kwa kisu. Kama hujui zitatolewaje, usiziweke.

NENDA ZAHANATI UKIONA HAYA

Kidole kinavimba, kinapwita au kinatunga usaha. Mstari mwekundu unapanda mkononi. Ukucha umeinuka na una rangi ya kijani chini yake. Vidole vinawasha na kupasuka bila kupona. Usingoje mpaka kidole kioze. Kidole kikiwahiwa, matibabu huwa mepesi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni aina gani ya kupamba kucha yenye madhara kidogo kuliko nyingine za saluni? Kwa nini?
2. Kwa nini tusichangie mkasi na wembe wa kucha?
3. Vifaa vya chuma vichemshwe kwa dakika ngapi?
4. Bi harusi wa kijijini kwenu anataka kucha za unga. Utamshauri nini?