Fahamu: Masomo ya MIT unayoweza kuyasoma bure

Aprili 2001, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni vifaa vya masomo yake bila malipo. Mwaka 2002 yakatolewa masomo 50 ya majaribio. Leo yamezidi 2,500, na mradi unaitwa OpenCourseWare.

Unapata nini hasa? Fungua somo la aljebra la Profesa Gilbert Strang. Utamwona akiandika kwa chaki ubaoni, hatua kwa hatua, kisha utakuta mazoezi na mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Hujisajili wala huulizwi ulisoma wapi. Kwangu mimi, majibu hayo ndiyo hazina kubwa, maana anayejisomea peke yake hana wa kumsahihishia.

Cheti hupati, na hakuna mhadhiri wa kukujibu. Lakini leseni ya Creative Commons inakuruhusu kunakili, kutafsiri na kugawa, mradi utaje chanzo, usifanyie biashara, na kazi yako uitoe kwa masharti hayohayo. Mwalimu wa Dodoma au Bujumbura anaweza kuyageuza mazoezi hayo kuwa ya Kiswahili na kuwagawia wanafunzi wake.

Kikwazo ni bando. MIT yenyewe ililiona hilo, ikavipa vyuo vyenye intaneti hafifu, vikiwemo vya Afrika, nakala za kuhifadhi kwenye kompyuta zao. Wewe mwenye bando dogo, achana na video kwanza. Pakua mazoezi na mitihani, ukae na kalamu.