Bibi, Mama Amejifungua Bafuni!

Mwaka juzi, nikiwa na mimba ya miezi minane, niliingia bafuni hapa nyumbani kwetu Seeb na kitasa kikagoma kufunguka. Mwanangu wa miaka sita akachukua simu akampigia bibi yake Unguja: "Bibi, mama amejifungua bafuni!"

Nikiwa ndani nilisikia vigelegele kwenye spika, kisha kilio, kisha maswali mfululizo: yuko na nani, kitovu kakata nani, mbona hamjaita gari? Mtoto alitaka kusema "amejifungia". Herufi moja tu. Baba yake alipofika na bisibisi, mtaa mzima kule ulikuwa ushapata habari.

Tulicheka wiki nzima. Kilichoniuma ni kingine. Wiki ile ile skuli walikuwa na zoezi la Kiingereza la vitenzi vya kufunga vitu, na alipata yote. Akaniambia, kwa kujivuna: "Mama, Kiswahili kina neno moja tu. Kila kitu funga, funga."

Ana haki ya kudhani hivyo. Kiingereza hutazama kifaa na kinachofungwa. Kamba za viatu ni "tie", mkanda wenye bizimu ni "buckle", shati lina "button", mbuzi kwenye kigingi ni "tether", mashua gatini ni "moor". Mzigo juu ya pikapu, uliozungushiwa kamba na kukazwa, ni "lash" (wanafunzi, tahadharini: neno hilo hilo ni kuchapa mjeledi).

Kiswahili hakijali sana bizimu. Kinataka kujua nani kamfanyia nani nini. Ukisema "nimemfunga mtoto garini" watu watakutazama vibaya. Sema "nimemfungia mtoto mkanda". Kamba mbili zinafungana, lakini watu na mambo yao hufungamana. Mlango mbovu haufungiki. Na aliyejifungua hakujifungia, kama bibi yetu alivyojifunza kwa machozi. Mtoto anayemeza silabi hizo za mwisho hapotezi mapambo, anapoteza maana yenyewe. Na tusisahau kubana, kukaza, kushikiza na kupiga fundo, au mama aliyejifunga kibwebwe: huyo ana kazi, usimsimamie mbele.

Mimi huanzia kwenye saumu, maana hapo ndipo lugha hizi mbili zinapokutana, na watoto hupenda mno. Sisi tunasema "nimefunga" kwa Ramadhani kama tunavyosema kwa mlango. Waingereza nao: "fast", yaani kufunga saumu, na "fasten", yaani kufunga mkanda wa ndege, yana asili moja, maana yake kushika imara. Hata "breakfast" ni kuivunja ile "fast", na sisi asubuhi tunaita kifungua kinywa. Nilipomweleza mwanangu, alikimbia kumweleza baba yake kana kwamba kagundua mafuta.

Kwa hiyo sikumkataza Kiingereza. Nilimpa tu mchezo: kila kitenzi cha skuli, mpigie bibi umuulize sisi tunasemaje. Bibi ni mshonaji, hana haraka.

Ijumaa iliyopita tulipita raundabauti ya Al Bustan, ilipowekwa Sohar, jahazi lililojengwa Sur mwaka 1980 na kusafiri kutoka Muscat hadi Guangzhou, China, likafika 1981. Mbao zake zimeunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, kama mitepe ya zamani ya kwetu pwani.

"Mama, mbao wamezifunga vipi?"

"Hawakuzifunga, wamezishona."

Akalitazama mpaka gari likakata kona.

"Na zikifumuka katikati ya bahari?"

Neno hilo mimi sikumfundisha.