Mali Kauli: Ahadi Isiyotaja Bei

Miongoni mwa maneno ya biashara katika lugha yetu, mali kauli hutajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Maana yake ni bidhaa anayopewa mtu bila ya kulipa kitu wala kuweka rehani, kwa ahadi kwamba atalipa akishauza. Kinachomfunga ni kauli yake tu.

Desturi hii ni ya zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Unguja kwenda bara ilibeba nguo na shanga za mkopo. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na tajiri wa Kihindi, Taria Topan, akaenda kutafuta pembe. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walifika hadi kwa Mwata Kazembe, kusini ya ziwa Mweru, ambako David Livingstone alimkuta mmoja wao, Muhammad bin Saleh, mwaka 1867.

Tubaki basi kando ya ziwa hilo, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, tulipime neno letu kwa mfano. Sheria ya huko hukataza uvuvi tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo mvuvi hana pato la ziwani, na unga hauna budi kununuliwa. Tuseme amechukua nyavu za kwacha 600, alipe samaki msimu ukifunguliwa. Siku ya kukopa, kikapu ni kwacha 60. Moyoni anahesabu vikapu 10. Machi inaingia, mitumbwi yote yashuka majini, samaki wajaa sokoni Kashikishi, na bei yaanguka hadi kwacha 40. Deni lile lile sasa lataka vikapu 15. Vikapu 5 vya ziada ni jasho la usiku mwingi, na wala hapana aliyevunja ahadi.

Kama wangalipatana kwa idadi ya vikapu, hasara ingalimwangukia mwenye nyavu. Naye, kwa kuihofia, pengine angalidai vikapu 12 tangu mwanzo. Hasara ya bei haina budi kubebwa na mtu. Swali ni nani, na je, alijua?

Wafanyabiashara wa nafaka wa Chicago, waliofungua soko lao mwaka 1848, walilijibu swali hilo kwa maandishi: kiasi gani, cha namna gani, siku gani, kwa bei gani. Mvuvi hahitaji soko kama hilo. Ahitaji karatasi moja yenye mambo hayo manne, na la tano: nyavu zikipotea kwa dhoruba, nani atalipa?

Wapo watakaosema kuwa kuandika ni kutoaminiana. Sisi hatuoni hivyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli njema haiogopi wino.